Mwandishi na Saa Yake

Nazungumza kutoka Lupepo, katika wilaya ya Rungwe. Muradi wa mazungumzo yangu jioni hii ni mtu anayefanya kazi ya kuandika, si mtu anayetamani kuitwa mwandishi; maana hao wawili, ingawa aghalabu huketi katika benchi moja na kusoma vitabu vile vile, hutengana pale inapofika saa ya kushika kalamu, mmoja akaishika ingawa mwili umechoka, na mwingine akaeleza kwa ufasaha mkubwa sababu za kutoishika.

Vijana wanaopenda kazi hii huuliza maswali mengi, na maswali yenyewe si mabaya: mchapishaji gani ni mwaminifu, kitabu huleta fedha kiasi gani, je, mtu asiye na kompyuta aweza kutunga riwaya, na je, ni lazima awe amesoma chuo kikuu? Lakini ni nadra kumsikia mmoja akiuliza ataandika saa ngapi. Ukimwuliza wewe, jawabu huja upesi, nalo ni moja kutoka Masoko hata Kiwira: akipata nafasi ataandika. Sasa mimi nataka kusema bila ya kuzunguka kwamba nafasi haipatikani, wala haijapata kupatikana tangu watu waanze kulima. Asubuhi ni ya shamba, mchana una jua la kuanika maharage au mvua ya kuyaanua, jioni ina ng'ombe wa kukamwa na watoto wa kuogeshwa, na Jumapili, ambayo mtu angeitarajia, ina ibada, ina wagonjwa wa kuamkiwa na misiba ya kwenda kuketi. Anayengoja siku itakayobaki tupu baada ya hayo yote atakufa na azma yake ikiwa nzima, haijatumika hata kidogo. Na tena, tusijidanganye: wengi wa hao wasio na nafasi huandika kila usiku, kwa kidole gumba, katika makundi ya simu, juu ya Simba na Yanga, maneno ambayo yakikusanywa kwa mwaka mmoja hayapungui ukubwa wa kitabu.

Kwa hiyo saa ya mwandishi hukatwa. Hukatwa katika usingizi, au katika maongezi ya kijiweni, au katika mapumziko ya halali kabisa ambayo mtu mwingine angeyafurahia bila ya lawama. Na kwa kuwa hukatwa katika nyama ya siku, lazima iume. Sijui njia nyingine.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote tunao wenyewe, wala hatuna haja ya kuuazima. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909, akasoma shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1926, na mwaka huo huo akaingia katika ukarani wa forodha wa serikali ya kikoloni. Tangu hapo hata karibu na mwisho wa umri wake alikuwa mtumishi wa kulipwa mshahara, akihamishwa kwa amri, leo Pangani, kesho Mpwapwa, kesho kutwa Tanga tena. Na anayejua ukarani wa zamani zile anajua kwamba haukuwa kazi ya kukaa na kutazama bahari, bali ulikuwa kazi ya daftari za hesabu, nakala za barua, na mkubwa ambaye haulizi karani wake ametunga beti ngapi. Mtu huyo, aliyefariki Juni 1962 akiwa na miaka 53 tu, aliacha vitabu zaidi ya 20, vya mashairi, insha, hadithi, wasifu na tenzi. Nani alimpa nafasi?

Wengi humsifu Shaaban kwa kipaji chake, na kipaji alikuwa nacho kwa wingi usio na kifani. Lakini sifa hiyo, tukiisema peke yake, inatuficha jambo lililo na faida zaidi kwetu sisi tusio na kipaji cha kadiri ile. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizoandikwa kati ya 1931 na 1958 na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, hazimwonyeshi mtu aliyeketi chini ya mwembe akingoja upepo wa utungo. Zinamwonyesha mtu mwenye familia, mwenye madeni na maradhi ya kawaida ya binadamu, mwenye miswada anayoihangaikia, anayejua kila kazi yake iko wapi na imekwama kwa nani. Alipeleka mashairi Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, ambalo lilikuwa madrasa ya watungaji wengi wa enzi ile. Alipeleka miswada hata Johannesburg, ambako Witwatersrand University Press walimchapia baadhi ya vitabu vyake, na palipokosekana mchapishaji alijaribu kuanzisha uchapishaji wake mwenyewe. Kusadikika kilitoka 1951. Kufikirika, alichokitunga katika miaka ya 1940, hakikutoka mpaka 1967, mtungaji akiwa kaburini mwaka wa tano. Basi tazama tabia ya mtu huyo: kitabu kimoja kikikawia mikononi mwa wengine, yeye alikuwa ndani ya kingine.

Hapo ndipo ilipo nia ya mtu wa kazi. Mswada uliokwisha tumwa si wake tena kwa muda ule. Ulio wake ni ukurasa wa leo. Nimewaona vijana waliotunga hadithi moja, nzuri kwa hakika, wakaituma kwa mhariri, kisha wakakaa miaka miwili wakingojea jawabu kama mshitakiwa angojavyo hukumu, wasiandike neno jingine. Na jawabu lilipokuja kuwa ni la kukataliwa, wakasema uandishi una upendeleo. Pengine una upendeleo. Lakini hadithi ya pili iko wapi?

Mtu ataniuliza juu ya ilhamu, ile hali ya maneno kumjia mtunzi kwa nguvu isiyo yake, naye atasema kwamba mashairi hayaamrishwi kama kibarua. Sikatai kwamba ilhamu ipo. Lakini sisi wa Rungwe tunajua chai, na chai yatosha kunisaidia. Mwenye shamba huurudia mche wake kwa zamu, kila baada ya siku kadhaa, akachuma majani mawili na chipukizi lake. Siku nyingine kikapu hujaa upesi na siku nyingine hurudi na chini ya nusu, lakini akiuacha mche mwezi mzima kwa kuwa hakuwa na hamu, jani hukomaa, kiwanda hulikataa, na mche wenyewe hurefuka ukapita kimo cha kuchumika, hata ikambidi aukate upya na kuanza kungoja. Zamu ndiyo inayolifanya chipukizi liwepo. Vivyo hivyo fikira: aliyeketi jana na juzi ndiye aghalabu anayezukiwa leo, hali aliyeketi mara ya mwisho wakati wa uchaguzi uliopita huketi mbele ya karatasi akasikia kimya tu.

Hapa nina shauri langu moja ambalo huenda lisiwapendeze walimu wa uandishi wa nchi za mbali, ambao hupenda kuamuru kwamba mwandishi aandike kila siku ya Mungu bila ya kupumzika. Shauri lao silidharau. Lakini limetungwa na watu ambao mvua kwao ni jambo la kutazama dirishani. Hapa kwetu, Tukuyu na viunga vyake hupata mvua inayopita milimita 2000 kwa mwaka, na mwaka wetu una majira yenye nguvu kuliko ratiba yoyote ya ukutani: kuna wiki za kupanda viazi na wiki za kuvichimba, kuna miezi ya masika ambayo chai hutoa majani kwa fujo, na kuna alasiri za Aprili ambazo, ukiisha kurudi umelowa, hakuna mahali pa kwenda mpaka asubuhi. Mwandishi mkulima na aufuate mwaka wake. Ajiwekee saa fupi mno katika wiki za kazi nyingi, hata robo saa, ili mkono usisahau. Na alasiri za mvua azishike kwa pupa, kwa maana hizo ni mali ambayo karani wa mjini hana. Kosa si kuwa na majira. Kosa ni kuyaacha majira yapite yote mawili, ya kazi kwa udhuru wa kazi, na ya mvua kwa udhuru wa baridi.

Fauka ya saa, kuna daftari. Mwandishi huvuna akiwa hayuko mezani: kwenye basi la kwenda Mbeya, kwenye foleni ya zahanati, katika baraza la wazee wanaosuluhisha mpaka wa mgomba, na huvuna kwa sikio kabla ya jicho. Neno alilolisema mama muuza ndizi kwa mnunuzi mgumu, na namna alivyolisema, halitakumbukwa kesho ila katika maana yake tu, nayo maana bila ya neno ni ganda. Kwa hiyo kijidaftari cha mfukoni si pambo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mwenye mpelelezi wake mashuhuri Bwana Msa, alikuwa kwanza mtumishi wa idara ya afya, kisha mhariri wa magazeti, na mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ukashinda katika mashindano ya miaka ya 1957 na 1958, ukachapwa 1960. Sina shaka kwamba mtu aliyepita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya afya, na aliyelazimika kujaza kurasa za gazeti kabla ya siku ya kupiga chapa, alikuwa amekwisha kusoma chuo cha riwaya za upelelezi kuliko yeyote aliyejifungia chumbani.

Na kusahihisha? Katika jambo hili tuna wepesi ambao ni haya kuutaja. Mtu huandika mara moja, akapenda alichokiandika, akakipeleka. Wazee wetu wa pwani, ambao tenzi zao zilisikiwa kabla ya kusomwa, walikuwa na mizani na vina vya kuwashitaki pale pale: beti ikipungua silabi, msikilizaji anaijua. Sisi wa nathari hatuna mshitaki huyo, basi hatuna budi kumtafuta. Njia ninayoiamini ni kusoma kwa sauti, polepole, mbele ya mtu mmoja asiyekuogopa wala kukudai. Utasikia mwenyewe mahali ulimi unapokwama, mahali sentensi imechukua mzigo isioweza kuubeba, na mahali ulipoandika neno kwa sababu ni kubwa, si kwa sababu ni lake. Hata mazungumzo ya redio kama haya husomwa kwanza mara nyingi kabla ya kufika masikioni mwenu, na bado yana makosa yake.

Siku hizi kuna ghera mpya, nayo ni tuzo. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2014, na hapa nyumbani Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ikatolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwake Mwalimu. Nazifurahia, maana zimeleta tarehe ya mwisho ya kupokea miswada, na tarehe ya mwisho ni rafiki mkali ambaye mwandishi wa kijijini hakuwa naye. Hadhari yangu ni moja: anayeandika tuzo inapotangazwa na kuacha tuzo inapopita, huyo ni mchezaji wa bahati nasibu mwenye kalamu.

Kwa maana kazi hii, katika sehemu yake kubwa, ni ya mtu asiyetazamwa. Na katika habari ya kutotazamwa sijui mfano unaomshinda Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1896, akapelekwa seminari ya Rubya, akapata elimu ya lugha na vitabu ambayo Waafrika wachache wa wakati ule waliipata, kisha akarudi kisiwani mwake, akafanya kazi na wamisionari, akaoa, akazika watoto wake. Huko, kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa kimoja katika ziwa kubwa, alitunga riwaya ndefu kupita kiasi juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka na kizazi chao, ndani yake akatia kilimo, uvuvi, dawa, ulevi, mahari, ugomvi wa wakwe, na adabu ya kuamkiana, ili vizazi vijavyo visiseme havikuambiwa. Aliimaliza mwaka 1945. Hapakuwa na mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe chenye ukubwa ule. Kitereza hakukichoma, wala hakukata tamaa kwa kelele. Miaka ikapita, alipokwisha kuwa mzee akaketi tena, akakifasiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House wakakitoa kwa majuzuu mawili mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Baadaye kikafasiriwa kwa Kijerumani, na Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe vilevile, akakitia katika Kiingereza mwaka 2002.

Nataka msikilizaji akiangalie kitendo kile cha kuketi tena. Kutunga mara ya kwanza kuna raha yake, hata ikiwa ni raha ya taabu. Lakini kufasiri maelfu ya sentensi zako mwenyewe, ambazo hakuna aliyezitaka katika lugha ya kwanza, hali magonjwa ya uzee yamo viungoni, hilo halifanywi kwa ilhamu abadan. Hufanywa na mtu aliyeamua kwamba kazi yake ni amana, na kwamba haimhusu sana nani anapiga makofi. Vivyo hivyo Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alitoa riwaya yake ya kwanza 1987, akafundisha katika chuo kikuu huko Kent miaka mingi, na wengi wetu hatukulijua jina lake mpaka alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya zote zile zilizomfikisha pale zilitungwa tulipokuwa hatumtazami.

Kabla sijafika mwisho kuna jambo la kusemwa wazi, nalo ni la nyumbani. Nimesema saa ya mwandishi hukatwa. Lakini saa ya mwandishi mwanamume, mara nyingi, hukatwa katika siku ya mkewe. Yeye huketi na karatasi, na kuni huletwa, na mtoto anayelia hunyamazishwa na mtu mwingine. Mwanamke wa Lupepo mwenye kipaji kile kile hana wa kumletea kuni. Lugha yetu haikukosa watungaji wanawake: Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na mpaka leo unasomwa. Lakini wangapi walizima kwa kukosa nusu saa? Basi wewe bwana unayenisikiliza, ikiwa nyumbani mwako kuna mke au binti ambaye huandika, mpe saa yake kama unavyodai yako, na uteleke mwenyewe siku hiyo.

Sasa neno la Rungwe hasa. Mwaka 1934 mwanachuoni Mwingereza, Godfrey Wilson, alifika katika nchi ya Wanyakyusa, na mwaka 1935 mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaungana naye. Wakakaa mpaka 1938, wakajifunza Kinyakyusa, wakahudhuria misiba, harusi na mabaraza, na wakajaza daftari kwa maneno ya watu kama yalivyosemwa. Walisaidiwa na wenyeji, miongoni mwao Leonard Mwaisumo, karani na mfasiri, ambaye bila ya sikio lake mengi yasingeandikwa. Godfrey alifariki mwaka 1944. Mjane wake hakuziacha daftari zile: hali akifundisha chuoni na kulea watoto, alitoa kitabu juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa mwaka 1951, kingine juu ya kafara na mila za ukoo mwaka 1957, cha tatu juu ya ibada za jamii mwaka 1959, na cha nne mwaka 1977, karibu miaka 40 tangu waondoke Rungwe. Tuwe na maoni yoyote juu ya wageni waliokuja kutuandika, na mimi ninayo yangu, hiyo ndiyo kazi ya mwandishi: aliandika siku ile ile aliposikia, akatunza, akarudi tena na tena kwa miaka yote ya uhai wake.

Daftari hizo leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Anayetaka kusoma jinsi babu zetu walivyosema katika miaka ile ya 1930 hana budi kupanda ndege. Nami nawasihi ninyi wa Lupepo, wa Masoko, wa Mwakaleli na kwingineko, mnaosema mnapenda kuandika na hamna la kuandika: wapo wazee karibu nanyi wanaokumbuka mambo ambayo hayamo katika daftari zile wala katika kitabu chochote. Nendeni wiki hii, mkaombe idhini yao, mkaandike wanayosema kwa lugha wanayosemea, na juu ya kila ukurasa mtie tarehe, jina la mahali, na jina la aliyesema.